Fibromialjia na maumivu sugu ya misuli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu utafiti

Maswali haya ndiyo ambayo mama yangu mkubwa, majirani zake na jamaa wa wagonjwa wengine wamekuwa wakiniuliza tangu siku alipoambiwa, baada ya miaka ya kuzunguka hospitali, kwamba alichonacho kinaitwa fibromialjia. Nimeyajibu kwa kufuata tafiti zilizochapishwa, na pale ninapotoa maoni yangu nasema wazi kuwa ni yangu. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayekuona na kukupima.

Fibromialjia ni nini?

Ni hali ya maumivu ya mwili mzima yanayodumu kwa miezi 3 au zaidi, yakiambatana na uchovu usioondoka kwa kupumzika, usingizi usioburudisha, na akili kuwa nzito kiasi cha mtu kulipoteza neno lililokuwa ulimini. Maumivu huhamahama, leo mabega na shingo, kesho kiuno na mapaja, na kila mgonjwa huyaeleza kwa namna yake: mmoja atasema ni vichomi, mwingine atasema nyama zinaungua au zimekufa ganzi, na wengi husema wanaamka kama watu waliopigwa usiku kucha. Jambo jingine linaloitambulisha ni kuumizwa na vitu visivyomuumiza mtu mwingine. Kuna siku mama mkubwa alikuwa hawezi kujitanda khanga, kwa kuwa pindo lake likimgusa begani alihisi kama amewekewa pasi ya moto, na sisi tuliokuwa tukimtazama hatukuona hata wekundu kwenye ngozi.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya watu 2 na 3 katika kila 100, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume.

Jina hili limetoka wapi, na kwa nini vitabu vya zamani vinatumia jina jingine?

Mwaka 1904 daktari wa mishipa ya fahamu wa London, William Gowers, akizungumzia maumivu ya kiuno, alipendekeza neno «fibrositisi», kwa dhana kwamba nyuzi zinazofunga misuli zimepata uvimbe wa ndani, ule unaokuja na joto na wekundu. Mwaka huohuo Ralph Stockman wa Glasgow alieleza vipande vya nyama vilivyokatwa kutoka kwa wagonjwa na akasema ameuona uvimbe huo. Watafiti wengine walipotazama kwa darubini baadaye hawakuuona, lakini jina likabaki kwenye vitabu kwa takribani miaka 70, na kwa muda wote huo madaktari wakaendelea kuutafuta uvimbe mahali ambapo haukuwapo. Ni mwaka 1976 ndipo Philip Kahler Hench, daktari wa Marekani, alipopendekeza neno fibromialjia, ambalo maana yake ni maumivu ya nyuzi na misuli tu, bila kudai kwamba kuna uvimbe. Mwaka 1981 Muhammad Yunus na wenzake, mjini Peoria, Illinois, waliwalinganisha wagonjwa 50 na watu 50 wasioumwa, wakaonyesha kwamba dalili hizi zinakwenda pamoja kwa mpangilio unaotambulika.

Kwa maoni yangu hata jina jipya halikutusaidia vya kutosha, kwa kuwa bado linainyooshea misuli kidole, na misuli siyo penye chanzo.

Ikiwa misuli haina kidonda, maumivu yanatoka wapi?

Hapa ndipo utafiti umebadilika kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1983 Clifford Woolf, akiwa London, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba jeraha kwenye mguu wa panya hubadilisha utendaji wa neva za uti wa mgongo wenyewe, zikawa zinaitikia kwa nguvu hata mguso mdogo. Kabla yake wengi waliichukulia neva kama waya unaopeleka habari za jeraha kwenye ubongo bila kuongeza wala kupunguza. Baada yake ikawa wazi kwamba mfumo wa neva unaweza wenyewe kuzidisha habari hiyo. Mlinzi aliyewahi kuvamiwa usiku huwa hivyo: baada ya siku ile hupuliza filimbi hata paka akipita ukutani, na filimbi yake ni ya kweli, hofu yake ni ya kweli, ingawa hakuna mwizi.

Kwa fibromialjia, ushahidi uliowashangaza wengi ulikuja mwaka 2002, Richard Gracely, Daniel Clauw na wenzao wa Marekani walipowalaza wagonjwa 16 na watu 16 wasioumwa ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, na kuwabana ukucha wa kidole gumba kwa mgandamizo uliopimwa. Walichagua kidole gumba kwa makusudi, kwa sababu si sehemu ambayo wagonjwa huilalamikia zaidi. Mgandamizo mdogo, ambao wasioumwa waliusikia kama mguso tu, uliwaumiza wagonjwa, na picha zilionyesha sehemu za ubongo zinazoshughulika na maumivu zikifanya kazi kwa nguvu. Ili picha za wasioumwa zifanane na hizo, ilibidi wabanwe kwa nguvu inayokaribia maradufu. Mtu akikuambia kwamba hakuna kipimo kilichowahi kuyaonyesha maumivu haya, mwambie kuhusu kidole gumba hicho.

Kemia nayo ilikuwa imeanza kusema jambo hilohilo. Mwaka 1988 watafiti wa Norway, na mwaka 1994 kundi la San Antonio huko Texas, walipima maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa, wakakuta kiasi cha dutu P, kemikali inayopitisha habari za maumivu, kiko juu sana. Kwa kundi la Texas kilikuwa takribani mara tatu ya kile cha watu wasioumwa. Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba njia zinazoshuka kutoka kwenye ubongo ili kuyatuliza maumivu, yaani breki za mwili, hazifanyi kazi vizuri kwa wagonjwa wengi.

Kwa sababu hiyo Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu ilikubali mwaka 2017 kuongeza aina ya tatu ya maumivu. Ya kwanza ni yale ya tishu iliyojeruhiwa, ya pili ni yale ya neva iliyoharibika, na ya tatu, iliyopewa jina la maumivu nosiplastiki, ni yale yanayotokana na namna mfumo wa neva unavyoyachakata bila kuwapo jeraha linaloyaeleza. Fibromialjia ndiyo mfano wake unaotajwa kwanza.

Kwa hiyo ni ugonjwa wa mawazo?

Hapana. Kusema kwamba maumivu yanazidishwa na ubongo na uti wa mgongo si sawa na kusema kwamba mtu anajitungia, kwa maana ubongo na uti wa mgongo ni viungo vya mwili kama ini na figo. Ni kweli kwamba sonona na wasiwasi huonekana kwa wagonjwa wengi, lakini wapo wengi wasio nazo kabisa, na aliyeishi miaka kumi akiumwa bila kuaminiwa ana sababu za kutosha za kuhuzunika.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya nilichokiona. Katika hospitali moja mama mkubwa aliambiwa mbele yangu, «Mama, huna ugonjwa wowote, kapunguze mawazo,» na karatasi za vipimo zikarudishwa kwenye bahasha. Hakujibu kitu. Njiani alinishika mkono akaniuliza kama na mimi naamini anajitungia, na nilikawia kumjibu, jambo ninalolijutia hadi leo.

Kwa nini vipimo vyote vya damu na picha vinarudi safi?

Kwa sababu vipimo hivyo hutafuta uvimbe, maambukizi, mfupa uliovunjika au tezi iliyolegea, na fibromialjia si kimojawapo cha hivyo. Utambuzi hufanywa kwa maelezo ya mgonjwa na kwa kumpima kwa mikono.

Vigezo vya kwanza vilivyokubalika kimataifa vilitolewa mwaka 1990 na Chuo cha Rumatolojia cha Marekani, yaani chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo na misuli, kazi iliyoongozwa na Frederick Wolfe. Daktari alitakiwa kubonyeza sehemu 18 za mwili kwa nguvu ya kilo 4, na mgonjwa aliyeumia katika sehemu 11 au zaidi, akiwa pia na maumivu ya mwili mzima ya miezi 3, alihesabiwa kuwa na ugonjwa huu. Kwa kuwa si kila kliniki ina kipima mgandamizo, madaktari walifundishwa kubonyeza hadi ukucha wao wenyewe ubadilike kuwa mweupe. Nilikuwapo daktari kijana alipompima mama mkubwa hivyo. Alimwamkia kwanza, «Shikamoo mama,» akamwomba ruhusa, kisha nikamwona ukucha wake ukipoteza rangi juu ya bega, na mama mkubwa akivuta pumzi kwa meno.

Mwaka 2010 vigezo vilibadilishwa, hesabu ya sehemu 18 ikaachwa, na badala yake mgonjwa huulizwa ni maeneo mangapi kati ya 19 yameuma katika juma lililopita, kisha hupewa alama hadi 12 kwa uchovu, usingizi mbaya, uzito wa akili na dalili nyingine. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliongeza kwamba maumivu lazima yawe katika angalau kanda 4 kati ya 5 za mwili, na yakasema jambo ambalo naliona muhimu kuliko yote: utambuzi huu unasimama hata kama mgonjwa ana ugonjwa mwingine pia. Mwenye baridi yabisi ya kweli anaweza kuwa na fibromialjia juu yake, na akitibiwa moja tu ataendelea kuumia.

Katika orodha ya kumi na moja ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, fibromialjia imewekwa chini ya maumivu sugu ya mwili mzima, ndani ya kundi la maumivu sugu ya msingi. Maana yake ni kwamba maumivu yenyewe ndiyo ugonjwa.

Ni magonjwa gani yanayofanana nayo ambayo lazima yaangaliwe kwanza?

Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa damu, upungufu mkubwa wa vitamini D, baridi yabisi, lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe), virusi vya UKIMWI, kisukari kilichoharibu neva za miguu, na hata baadhi ya dawa za kushusha kolesteroli vinaweza kuleta maumivu na uchovu. Kupungua uzito bila sababu, homa, viungo kuvimba, udhaifu wa mguu mmoja au kushindwa kuzuia mkojo si dalili za fibromialjia, na mwenye mojawapo ya hizo awahi hospitali.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki kuna ugonjwa mmoja unaostahili kutajwa kwa jina. Chikungunya iligunduliwa katika mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, wilayani Newala, na jina lake limetoka katika Kimakonde, likimaanisha kile kinachomkunja mtu, kwa jinsi wagonjwa walivyotembea wameinama kwa maumivu. Mwaka 2004 iliingia Lamu, na uchunguzi wa damu uliofanywa kisiwani mwezi Oktoba mwaka huo ulionyesha kwamba takribani robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani yetu ilivuka hadi Komoro, kisha Réunion, ambako mwaka 2005 na 2006 zaidi ya theluthi moja ya watu waliugua. Kule ndiko madaktari walikoanza kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka, wakaona kwamba homa huisha kwa siku chache lakini maumivu hubaki kwa wengine miezi, na kwa baadhi yao miaka. Wapo wanaobaki na viungo vilivyovimba, ambao wanahitaji tiba ya baridi yabisi, na wapo wanaobaki na maumivu ya mwili mzima yasiyo na uvimbe, yanayotimiza vigezo vya fibromialjia. Ukiwa na maumivu yasiyoisha na unakumbuka kwamba yalianza na homa kali iliyokufanya ushindwe kunyanyuka kitandani, mwambie daktari mwaka na mahali.

Si ugonjwa wa Wazungu?

Dhana hiyo imetokana na mahali fedha za utafiti zilipo. Mwaka 2011 Jarida la Tiba la Afrika Mashariki lilichapisha utafiti uliofanywa katika kliniki ya wagonjwa wa nje ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, na fibromialjia ilikutwa humo miongoni mwa watu waliokuja kwa ajili ya magonjwa mengine. Kinachokosekana kwetu ni madaktari bingwa wa rumatolojia, ambao ni wachache sana kulingana na idadi ya watu, hivyo mgonjwa hupewa diklofenaki, kisha vidonge vya malaria, kisha vitamini, na mzunguko unaanza upya.

Je, hurithiwa?

Kwa kiasi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa wana uwezekano wa takribani mara 8 wa kuwa nayo kuliko ndugu wa wagonjwa wa baridi yabisi. Hakuna jeni moja inayoisababisha.

Usingizi unahusikaje?

Unahusika sana, na kwa pande zote mbili. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na Hugh Smythe, mjini Toronto, waliwarekodi wagonjwa mawimbi ya ubongo wakiwa wamelala, wakaona kwamba usingizi wao mzito unaingiliwa na mawimbi ya mtu aliye macho. Kisha wakawachukua vijana wazima wa chuo kikuu na kuwavuruga kwa kelele kila walipofika kwenye usingizi mzito, bila kuwaamsha kabisa. Baada ya siku chache vijana hao, ambao hawakuwa na ugonjwa wowote, walianza kuumwa misuli na kuumia wakibonyezwa. Walipoachwa walale vizuri, maumivu yakaondoka. Kwa hiyo mgonjwa anayesema kwamba amelala kwa muda wa saa nane na bado ameamka amechoka anasema ukweli, kwa sababu saa zilikuwa nane lakini usingizi wenyewe haukufika chini. Ni vyema pia daktari aulize juu ya kukoroma na kukatika pumzi usiku, kwa kuwa hilo lina tiba yake.

Nimesikia kwamba kinga ya mwili ndiyo chanzo. Ni kweli?

Ni uwanja unaofanyiwa kazi kwa bidii, na nitaeleza kilichopatikana. Mwaka 2013 kundi la Würzburg huko Ujerumani na kundi la Anne Louise Oaklander huko Boston yalitoa matokeo yanayofanana: baadhi ya wagonjwa wana upungufu wa nyuzi nyembamba za neva kwenye ngozi. Boston walikuta dalili hiyo kwa asilimia 41 ya wagonjwa 27, na kwa asilimia 3 tu ya watu wa kulinganishwa nao. Hivyo chini ya jina moja la fibromialjia huenda tumewaweka watu wenye matatizo zaidi ya moja.

Mwaka 2021 Andreas Goebel wa Liverpool, David Andersson wa King's College London na Camilla Svensson wa Taasisi ya Karolinska walichukua kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, kutoka katika damu ya wagonjwa wa Uingereza na Uswidi wakawadunga panya. Panya hao wakawa wepesi kuumia kwa mgandamizo na kwa baridi, mshiko wa miguu yao ukadhoofika, na neva za ngozi zao zikapungua. Waliodungwa kingamwili za watu wasioumwa hawakupata chochote. Baada ya majuma machache, kingamwili zile zilipokwisha mwilini, panya walipona. Kingamwili hizo zilionekana zimejishika kwenye seli zinazozizunguka neva za hisia kando ya uti wa mgongo, nje ya ubongo.

Matokeo haya hayafuti yale ya kidole gumba. Inawezekana kabisa kwamba kitu fulani pembezoni kinaendelea kuuchokoza mfumo wa neva, na mfumo nao ukaongeza sauti yake. Lakini panya si mtu, na hakuna kipimo cha kingamwili cha fibromialjia kilichoidhinishwa kutumika kliniki; anayekuuzia kimoja leo anakuuzia kabla ya wakati. Vivyo hivyo kwa vijidudu vya utumbo: mwaka 2019 kundi la Montreal lilionyesha kwamba vijidudu vya tumboni vya wanawake 77 wenye fibromialjia vinatofautiana na vya wasioumwa, lakini hilo halijawa dawa.

Kuna dawa gani?

Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha pregabalini mwaka 2007, duloksetini mwaka 2008 na milnasiprani mwaka 2009, na mwaka 2025 ikaongeza siklobenzaprini ya kuyeyushwa chini ya ulimi wakati wa kulala. Mamlaka ya Ulaya ilizitazama zile tatu za kwanza ikakataa kuziidhinisha kwa ugonjwa huu, ikiona kwamba faida ni ndogo ikilinganishwa na madhara. Tofauti hiyo inatosha kumwonyesha mgonjwa kwamba asitarajie muujiza. Kwa pregabalini, majaribio yote yakijumlishwa, katika kila watu 10 au zaidi wanaopewa ni mmoja tu anayepata nafuu kubwa ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa, lakini kwa yule mmoja nafuu hiyo ni kubwa kweli.

Huku kwetu dawa inayopatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu ni amitriptilini, ambayo kwa ugonjwa huu hutolewa kwa kipimo kidogo usiku, mara nyingi kuanzia miligramu 10, kiasi kilicho chini sana ya kile cha kutibu sonona. Hukausha mdomo, huleta usingizi na kufunga choo, na haifai kwa baadhi ya wenye matatizo ya moyo, presha ya macho au tezi dume, kwa hiyo isinunuliwe bila kuandikiwa.

Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki hazijaonyesha faida ya maana kwa maumivu haya, na mtu anayemeza diklofenaki kila siku kwa miaka anayaharibu figo na tumbo lake bure. Dawa za jamii ya morfini nazo hazipendekezwi. Mwaka 2007 picha za ubongo zilionyesha kwamba vipokezi ambavyo dawa hizo hushikamana navyo havipatikani kwa wingi kwa wagonjwa wa fibromialjia, pengine kwa kuwa mwili umekwisha kuvijaza kwa dawa zake wenyewe.

Naumwa mwili mzima. Nitafanyaje mazoezi?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote kumjibu mgonjwa usoni, na ndilo lenye ushahidi mwingi kuliko yote. Jumuiya ya Ulaya inayoshughulikia magonjwa ya viungo ilipopitia tafiti zote kwa mapendekezo yake ya mwaka 2017, mazoezi pekee ndiyo yaliyopata pendekezo la nguvu. Dawa zote zilibaki na mapendekezo dhaifu. Mwaka 2018 watafiti wa Boston walitangaza matokeo ya watu 226 waliogawanywa kati ya mazoezi ya kawaida ya kuongeza pumzi na tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, na wa tai chi walipata nafuu sawa au zaidi.

Kosa la wengi ni kuanza siku wanayojisikia nafuu, wakafua, wakadeki, wakaenda sokoni kwa miguu, kisha wakalala siku tatu. Mfumo wa neva uliokwisha kuwa mwoga haupendi kushtuliwa. Mama mkubwa alianza kwa kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe wa jirani na kurudi, mara mbili kwa siku, siku nzuri na siku mbaya sawasawa, na hakuruhusiwa kuupita mwembe hata alipotaka. Majuma mawili baadaye akasogezwa hadi kwenye kisima. Ilichukua miezi mitano kufika barabarani, na mwezi wa sita nilimkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kazi aliyoiacha miaka minne nyuma. Alikuna nusu ya kifuu, akaiweka chini mwenyewe, akasema nusu nyingine ni ya kesho.

Mimi naumwa sehemu moja tu, shingo au kisigino. Ni jambo hilohilo?

Mara nyingi hapana. Mwaka 1938 Jonas Kellgren, akiwa London, alidunga maji ya chumvi kali kwenye misuli ya watu waliojitolea, akaonyesha kwamba maumivu ya msuli mmoja husikika mahali pengine kabisa, kama maumivu ya bega yanayotoka shingoni. Janet Travell, daktari aliyemtibu Rais John F. Kennedy mgongo, aliendeleza wazo la vifundo vya misuli vinavyorusha maumivu mbali. Kwamba misuli hukaza na kuuma hakuna anayebisha, ila wataalamu waliopimwa bila kuambiana walishindwa kukubaliana vifundo viko wapi, na hilo ni doa kubwa kwa nadharia hiyo.

Kwa kano, yaani kamba zinazounganisha msuli na mfupa, utafiti umekwenda vizuri zaidi. Mwaka 1998 Håkan Alfredson wa Uswidi aliwapa wakimbiaji 15 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino zoezi la kusimama kwenye ngazi na kushusha kisigino polepole, mara 180 kwa siku, kwa majuma 12, na wote 15 walirudi kukimbia. Kano sugu haihitaji kupumzishwa daima. Huhitaji mzigo unaoongezwa kwa kipimo.

Kuchuliwa, kupigwa chuku na mafuta ya karafuu vinasaidia?

Kuchuliwa taratibu na joto hutuliza kwa saa au siku chache, na sioni sababu ya kumnyima mgonjwa faraja hiyo. Mchuaji anayekanda kwa nguvu «ili mshipa ufunguke» huongeza maumivu, kwa sababu zilizoelezwa juu. Kwa chuku ushahidi ni mwembamba, na wembe usiotakaswa ni hatari kubwa kuliko maumivu yenyewe.

Nitalemaa?

Fibromialjia haili viungo, haipindishi mifupa, na haifupishi maisha kwa yenyewe. Wengi hubaki na maumivu ya kiwango fulani kwa miaka, na sehemu nzuri yao hufika mahali ambapo maumivu hayaamui tena ratiba ya siku.

Siku ya miadi nimwambie nini daktari?

Muda wa kliniki ni mfupi, kwa hiyo andika nyumbani. Chora umbo la mtu kwenye karatasi na utie kivuli kila mahali palipouma katika siku 7 zilizopita, mbele na nyuma. Andika ulilala saa ngapi na uliamka ukijisikiaje, dawa zote unazotumia zikiwemo za kienyeji, homa au ajali iliyotangulia maumivu, na kazi mbili ambazo zamani uliziweza na sasa huziwezi. Usiseme tu kwamba mwili wote unauma, hata kama ni kweli, kwa kuwa maneno hayo daktari huyasikia mara hamsini kwa siku.

Mama mkubwa alikwenda na daftari la shule la mjukuu wake, lenye mchoro wa mtu aliyepakwa kalamu ya risasi mabegani, kiunoni na kwenye magoti, na chini yake ameandika: «Siwezi kukuna nazi. Siwezi kumbeba mtoto.» Daktari yule kijana alilisoma kimya, akageuza ukurasa kuona kama kuna zaidi, akavuta kiti karibu, kisha akamuuliza, «Mama, unalalaje?»